Chumba cha Vidagaa

Mume wangu si mtu mbaya. Nimeambiwa hivyo na watu wengi, wengine hata sikuwauliza. Hanywi, halali nje, mshahara wake unafika nyumbani, na kanisani hukaa benchi la mbele akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. Mwanamume kama huyo ukitaka kumshtaki utaanzia wapi? Mimi nitaanzia kwa samaki.

Mtu akisikia kwamba mtu wa Magharibi mwa Kenya anafuga samaki, anafikiria tilapia wa kidimbwi, wa kukaanga na kula kwa ugali. Hawa hawaliwi. Ni vidagaa vya kutazama, urefu wao haupiti kidole cha mwisho, na asili yao ni mito ya milimani huko Uchina. Wauzaji huwaita mino. Wana mgongo wa kahawia, mstari unaong'aa ubavuni na mkia mwekundu. Samaki wengi wa kufugwa ndani ya vioo hutaka maji yapashwe moto kwa umeme. Mino hataki. Anapenda baridi, na mwezi wa saba Nairobi baridi ni ya bure. Ndiyo maana mume wangu alishindwa na samaki wa aina nyingine akawaweza hawa.

Aliwapata kwa mzee mmoja wa Kihindi, jirani wa rafiki yake kule Parklands, aliyekuwa akihamia ng'ambo kwa mwanawe na hakutaka kuwaacha samaki wake kwa mtu asiye na subira. Mume wangu anayo subira, siwezi kumnyima hilo. Ofisini kwake mjini vijana aliowafundisha kazi walikuwa wamempita mmoja mmoja, na kwenye mikutano alipozungumza watu walitazama simu zao. Lakini katika kundi la wafugaji samaki, lile la kwenye simu, alipoweka picha za vifaranga vyake walianza kumwita Dakta. Dakta, maji yangu yamekuwa meupe, nifanyeje? Dakta, dume wangu hapandi. Alikuwa anajibu huku amesimama, kama mtu anayehutubia. Nilimcheka, lakini nilifurahi kumwona hivyo.

Tena nilimsaidia. Nataka hilo lijulikane, nisije nikaonekana mwanamke aliyechukia samaki tangu mwanzo. Mino hana huruma na mayai yake. Jike hutaga, dume hupita nyuma yake, kisha wote wawili hugeuka wakaanza kuyatafuta wayale. Ukitaka vifaranga lazima uyafiche mayai yasionekane na wazazi. Mzee wa Parklands alikuwa akitumia majani fulani ya majini, yakatufia. Mimi ndiye niliyeleta dawa. Nilikuwa Kenyatta Market nasukwa nywele, nimeketi katikati ya wale wasusi wanaomvuta mteja mkono kabla hajafika mlangoni, nikatazama lile fundo la uzi mikononi mwa msusi wangu, ule uzi wa sufi unaosukiwa mistari ya bei nafuu. Nikanunua wa kijani. Nikauchemsha mara kadhaa mpaka ukaacha kutoa rangi, nikaukata, nikaufunga kwenye kizibo cha chupa, ukaning'inia majini kama kichwa cha mwanamke aliyefumua nywele. Asubuhi yake ulikuwa umejaa mayai. Tukauhamishia kwenye tangi jingine, na baada ya siku chache vifaranga wakawa wamejibandika kwenye kioo, wembamba kama kope.

Chakula chao pia nilikipika mimi. Mwanzoni hawawezi kula kitu kinachoonekana kwa macho, kwa hiyo unaoza jani la sukuma wiki kwenye mtungi wa maji dirishani mpaka maji yajae vijidudu, na harufu yake unaivumilia. Baadaye kiini cha yai la kuchemsha, ukikikamua kupitia kitambaa, tone moja tu. Ukizidisha, maji yanaharibika na wote wanakufa. Mume wangu alikuwa na subira, na mimi nilikuwa na mkono. Tulikuwa wawili, watoto wameshaondoka nyumbani, na tulipoinama pamoja mbele ya kile kioo nilidhani uzee wetu utakuwa mtamu.

Sasa chumba. Jengo letu la Kileleshwa lina ghorofa nne, na nyuma, ng'ambo ya maegesho ya magari, kuna safu ya vyumba vya wafanyakazi, kila nyumba na chumba chake. Watu huviita esikyu. Chetu kina mlango wake, dirisha lake, na choo chake cha ndani chenye bafu. Mfanyakazi wetu alipoolewa akaenda zake, hatukuandika mwingine. Mume wangu aliomba rafu moja tu kule ndani, aweke tangi la vifaranga. Nikakubali. Rafu ikazaa rafu. Kufikia mwaka uliofuata kuta tatu zilikuwa zimejaa vioo, mipira ya hewa inapita juu kama kamba za nguo, na kitanda kilikuwa kimepewa mlinzi wa getini.

Ndipo mama akaugua. Ulikuwa ule ugonjwa wa wanawake, wa mlango wa kizazi, na madaktari wa kule nyumbani walisema aje Nairobi kwa mionzi, kwenye ile hospitali kubwa karibu na Kenyatta Market. Matibabu yalikuwa kila siku ya kazi, kwa wiki nyingi. Asingeweza kusafiri kwenda na kurudi. Alihitaji mahali pa kulala.

Hapa inabidi nieleze mila yetu, kwa wasioijua. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Si uadui, ni heshima. Mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani. Husalimiana kwa mbali, macho chini, kila mmoja akimtakia mwenzake heri. Mchana anaweza kuja, akaketi, akanywa chai. Jua likianza kushuka anaaga. Wazee wetu hawakuitunga mila hiyo wakifikiria ugonjwa wala Nairobi, lakini watu wa Nairobi wameitafutia njia, na njia yenyewe ni esikyu. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mtu wa kwetu kabisa, alimweka mama mkwe wake kule nyuma muhula mzima, na wazee nyumbani walipoulizwa walisema hakuna kilichovunjwa: paa ni jingine, mlango ni mwingine, hata moto wa kupikia ni mwingine. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Chumba kilikuwapo.

Nilimwambia tukiwa mezani.

"Mama atalala esikyu."

"Esikyu gani?"

"Kwani tuko nazo ngapi?"

Akaweka kijiko chini. "Hiyo room imejaa, si unajua. Na hawa wadogo wametoka kwa mayai juzi tu. Ukisongesha tangi saa hii, maji ikitingika kidogo, wamekwisha wote."

"Tuwalete hapa sitting room."

"Hapa kuna jua ya hiyo dirisha. Kuna kelele ya TV. Hawa si mbuzi, ati unawafunga kamba unahama nao."

"Ni mama yangu, Baba."

"Na mimi nimesema asikuje? Akuje. Tutamtafutia mahali poa, mimi mwenyewe nitasaidia." Kisha akashusha sauti, akawa mpole, na huo upole wake ndio ninaouogopa kuliko kelele. "Hata yeye, hebu fikiria. Unadhani atakubali kulala kwa mkwe? Unataka mama yako avunje mwiko na uzee wote huo?"

Nilimkumbusha jirani wa juu. Akasema kila boma lina taratibu zake. Mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu sikumsikia akitaja mila hata siku moja, isipokuwa kuilalamikia! Samaki walisimama kwanza kumtetea, na alipoona utetezi wao ni mwembamba, akaiita mila. Nilikasirika, nikaondoa sahani yake kabla hajamaliza kula.

Nilimpigia mama nikijaribu kulainisha. Nikasema chumba kina vitu, tunaangalia namna ya kuvitoa, anipe siku mbili tatu. Mama hakusoma sana lakini hajawahi kuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Akasema kwa lugha ya kwetu, "Akufukuzaye hakwambii toka, mwanangu. Nitafutie mahali pengine."

Nikasema nitavitoa mwenyewe vile vitu, nitavimwaga kwenye mtaro.

"Usifanye hivyo," akasema. "Ukimfukuzia mtu vitu vyake kwa ajili yangu, mimi humo nitalalaje? Chumba cha mkwe hupewa. Sitaingia chumba cha kunyang'anywa."

Mtu atauliza kwa nini sikuvimwaga hata hivyo. Nimejiuliza pia, na jibu ni hilo. Mama asingelala humo. Ningekuwa nimeua samaki, nimevunja nyumba, na bado yeye angelala kwingine.

Kwingine kukawa River Road. Ninafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na hapo, nauza mabomba na koki, na loji moja iliyo hatua chache kutoka dukani inasimamiwa na mtu wa kijijini kwetu. Mabasi ya nyumbani hushukia jirani. Kwa mama pale palikuwa na afadhali ya kusikia lugha yake ngazini. Mume wangu alikuja siku ya kumpokea, akabeba begi lake hadi ghorofa ya tatu bila kupumzika, akamsalimia kwa mbali kama inavyotakiwa, macho chini. Akapima kitasa cha mlango, akaniambia chumba ni salama. Kisha akatazama saa akasema lazima awahi kubadilisha maji.

Chumba chenyewe hakikuwa kibaya. Kitanda, meza, ndoano ya nguo. Chini yake kulikuwa na duka la betri za magari, na upande wa pili wa barabara kinyozi aliyepiga muziki tangu kufungua hadi kufunga. Hayo mama aliyavumilia akiyafanyia mzaha. Alisema sasa anajua nyimbo zote za vijana, ataimba kwaya akirudi. Kilichomshinda kilikuwa choo. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, cha watu wote wa ghorofa ile, na maji yalikuwa kwenye pipa. Sasa ile mionzi, kwa aliyeipata, huchoma tumbo. Daktari alituambia mapema: atakwenda choo mara nyingi, tena ghafla. Mama, mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya watu wote asije akaonekana hajavaa kitambaa cha kichwa, alikuwa anakimbia kwenye ule ukumbi akishika ukuta, anakuta mlango umefungwa, anasubiri mbele ya wanaume wanaopita na taulo. Siku nyingine hakuwahi.

Na mimi nilikuwa narudi Kileleshwa jioni, nakwenda kule nyuma kulisha vifaranga kwa sababu nisipowalisha mimi wanakufa, nakuta mume wangu anamwaga maji machafu ya matangi kwenye choo cha esikyu, kisafi, cheupe, hakitumiwi na mtu. Samaki walikuwa na choo cha ndani. Mama yangu hakuwa nacho.

Mwenye duka, mama wa Kigujarati ambaye nimemfanyia kazi miaka mingi, alinipa ruhusa ya kumpeleka mama hospitali kila mchana bila kunikata mshahara. Siku moja alinitazama nikifunga chakula cha mama kwenye kaunta, akashindwa kujizuia.

"Wewe nakaa Kileleshwa," akasema. "Mama mgonjwa nakaa hapa juu ya duka ya betri. Kwa nini?"

"Ni mila yetu, madam. Mama mkwe halali kwa mkwe wake."

"Aa. Hata kama gonjwa?"

"Hata kama."

Akatikisa kichwa, akaniongezea ndizi mbili kwenye ule mfuko. Niliona haya kuliko kama angenitukana. Ningemwambia nini? Kwamba ni samaki?

Wiki kadhaa zikapita mama akizidi kukonda. Nilipika mwenyewe, uji wa wimbi, kuku aliyelainika, mboga za kienyeji, na kila siku vyombo vilirudi vitupu, nikawa najipa moyo. Mwishowe mwanamke anayefagia loji akanisimamisha ngazini. "Mama, mimi nakula hiyo chakula yako karibu kila siku," akasema, "na nimeanza kuogopa Mungu. Mama yako ananipatia. Anasema akikula ataenda choo."

Nilikaa kwenye ngazi. Watu walinipita huku na huku wakiruka miguu yangu. Mama alikuwa ameacha kula ili asikimbie ule ukumbi.

Siku hiyohiyo hospitalini walimpima uzito na damu, wakasimamisha mionzi mpaka apate nguvu. Daktari alisema kwa upole kwamba si vizuri kuikatiza, kwamba dawa ile inataka kwenda mfululizo. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza kama nyumbani mgonjwa anakula vizuri. Nikasema tutajitahidi.

Jioni nilimwambia mume wangu yote, na choo, na chakula, na maneno ya daktari. Sikumpigia kelele. Aliinamisha kichwa, na kweli nilimwona ameumia. Akasema, "Pole sana." Kisha akasema, "Wiki mbili tu. Hawa wadogo wakifika size ya kubebeka, na nimewaahidi watu wa group nitawaletea, naondoa tangi moja moja. Hakikisho."

Wiki mbili! Nilicheka kicheko kibaya mpaka nikakohoa. Kesho yake nilimbembeleza mama tena, nikamwambia amekubali, baada ya wiki mbili. Mama akauliza, "Amekubali au umemkubalisha?" Kisha akageukia ukutani.

Jumapili, tukiwa bado tunangoja arudishiwe mionzi, mama alitaka kutoka. Alisema amechoka na betri. Nikampeleka Kileleshwa mchana, kwa chai tu, kama mila inavyoruhusu. Mume wangu alikuwa nyuma kwenye chumba chake, na mama akasema basi tupite tumsalimie. Nikamwekea kiti mlangoni kwa nje. Mume wangu akatoka, akasimama mbali, akasalimia kwa heshima zote, akasogea kando kabisa ili mama aone ndani bila wao kukaribiana. Vioo vilikuwa vinang'aa. Madume walikuwa wanachezeana, wametandaza mapezi, wanapigana bila kuumizana, na ukutani vifaranga walikuwa wanapanda na kushuka.

Mama alitazama kwa muda mrefu, akaanza kucheka.

"Kumbe ni omena," akasema. "Mwanangu, hii si omena?"

"Ni kama omena, mama."

"Sisi tunazianika. Huku mmezijengea nyumba." Alicheka mpaka akashika tumbo, hata mume wangu akacheka kule aliko. Kisha macho yake yakaondoka kwenye vioo. Niliyafuata. Yalipita kwenye dirisha, yakapita sakafuni pale kitanda kilipokuwa zamani, yakafika kwenye mlango wa choo uliokuwa wazi, yakatua hapo. Akaomba nimsaidie kusimama, kwa sababu alihitaji choo. Nikataka kumwingiza humohumo, hatua tano hazifiki, lakini alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akanivuta tupande ngazi kwenda nyumbani. Hatukuwahi.

Nilimwogesha, nikamvisha nguo zangu. Kabla jua halijashuka akasema tuondoke.

Garini, kwenye barabara tulivu ya Kileleshwa yenye miti, aliniambia, "Watu wa nyumbani wameuliza kwa nini nalala mjini. Nimewaambia ni mimi niliyekataa kulala kwa mkwe. Nimewaambia mkwe wangu alinisihi nikakataa. Na wewe useme hivyo."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu wewe unabaki naye."

Mionzi ilirudishwa, ikamalizika. Zile wiki mbili za mume wangu zilifika zikapita. Vifaranga wakubwa waliondoka kwenda kwa watu wa kundi lake, wengine wakawa wametotolewa, na hakuna aliyetaja tena kuhama. Mama alipanda basi la nyumbani akiwa mwepesi kama mtoto. Tulikuwa na mwaka mmoja mzuri, kisha ugonjwa ukarudi, na safari hii haukutaka hospitali. Sisemi loji ya River Road ndiyo iliyomuua. Daktari hakusema hivyo na mimi si daktari. Ninachosema ni kwamba dawa ilitakiwa kwenda mfululizo na haikwenda, na sababu naijua.

Kwenye mazishi mume wangu alifanya kila kitu kwa ukamilifu. Alileta ng'ombe anayepaswa kuletwa na mkwe, akasindikizwa na ndugu zake, akaketi mahali pa wakwe. Mzee aliyekuwa anaongoza shughuli alimwita asimame. Akawaambia watu kwamba huyu ndiye mkwe. Kwamba siku hizi kule Nairobi watu wanalala na wakwe zao nyumba moja kama kuku, lakini huyu alijua mila, na marehemu mwenyewe alisimulia jinsi alivyosihiwa na akakataa, wakaheshimiana mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Mume wangu akainamisha kichwa, akafuta macho kwa leso. Nilikuwa nimeketi karibu na jeneza na nikatamani kusimama niseme hapana, si hivyo. Nilikaa. Nilikuwa nimemwahidi mama, siku ile garini.

Mwaka jana baba wa mume wangu alipatwa na mtoto wa jicho. Alihitaji kupasuliwa macho Nairobi na kukaa karibu na daktari mpaka apone. Baba mkwe naye halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe, ni mila ileile imegeuzwa upande wa pili. Mume wangu alipokea simu siku ya Ijumaa. Alirudi kutoka kazini mapema, akavaa kaptula, akamwita mlinzi. Niliporudi nikakuta wameshaanza. Walipunguza maji nusu, wakabeba tangi moja moja, wakapanga ukutani sitting room, chini ya lile dirisha, kando ya TV. Nilishika ndoo, kwa sababu nilikuwa nimezoea kushika ndoo. Kwenye tangi la mwisho kulikuwa na vifaranga waliotoka mayaini siku hiyo.

"Na hawa wadogo?" nikauliza.

"Hao tunabeba na maji yao. Tukienda pole pole hakuna shida."

Kabla ya chakula cha jioni chumba kilikuwa kitupu, kimepigwa deki, na Jumamosi asubuhi kitanda kipya kikafika, na godoro. Baba mkwe ni mzee mpole, alinishukuru kwa kila kikombe cha uji, na sina neno juu yake. Alistahili chumba. Mgonjwa yeyote anastahili.

Jumapili kabla ya kanisa mume wangu aliniita. Alikuwa amechutama mbele ya vioo na suti yake, anahesabu kwa kidole, uso umemjaa furaha.

"Kuja uone. Hakuna hata mmoja amekufa. Hata hawa wadogo kabisa, cheki." Akasimama, akajipangusa magoti. "Kumbe ni kitu rahisi hivi. Ningejua ningewaleta hapa kitambo."

Nilimtazama nikingoja asikie alichokisema. Alikuwa anatabasamu tu. Akauliza mbona namwangalia hivyo.

"Mama yangu alilala River Road," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema tangu tumzike.

Alishangaa. Alishangaa kweli, nikaona anajaribu kuelewa nimetoa wapi habari hiyo asubuhi njema kama ile. Akanishika bega.

"Lakini mama si alikataa mwenyewe?" akasema kwa upole. "Si hata tulimsihi?"

Nilimchunguza macho. Nimeishi naye miaka mingi na nikimwona anadanganya najua. Hakuwa anadanganya. Anaamini kabisa, kama anavyoamini jina lake. Mama alimfichia aibu yake vizuri hivi kwamba hata mwenyewe hajui tena kuwa alikuwa nayo. Ninayejua ni mimi tu, na siku nitakayosema nitakuwa nimemfanya mama yangu mwongo.